Nimevuna tomatilo nusu ndoo, chachu ajabu, hizi vitu zinapikwa aje?

bahati_shambani (Nakuru)

Wadau habari za jioni. Nisaidieni kabla sijamwagia kuku hii kitu yote.

Mwezi wa tatu jirani yangu hapa Bahati alinipa miche minane akaniambia ni tomatilo. Mimi nikaskia kama ni nyanya ndogo nikapanda kando ya ua karibu na sukuma. Vile ilianza kuzaa nikaona maua ya njano, tunda limejifunga ndani ya karatasi, nikasema huyu jirani amenicheza, hizi si ni nathi tu, zile tulikuwa tunachuma njiani tukitoka shule. Basi nikakaa nikingoja zigeuke njano. Zikafura, karatasi ikajaa mpaka ikapasuka kwa chini, zikafika saizi ya ndimu kubwa na bado ni kijani! Kila asubuhi naenda kuangalia, kijani. Zingine zikaanza kuanguka zenyewe, kijani.

Jumamosi nikachoka kungoja nikachuma nusu ndoo. Ukiambua hiyo karatasi vidole vinanata kama umeshika ulimbo. Nikaonja moja bila kupika, kwanza ikaniletea tufaha la kijani, halafu ndimu ikaingia, halafu mwisho kitu kama harufu ya nyasi iliyokatwa sahii. Sio mbaya lakini pia sio nathi, utamu hakuna kabisa.

Sasa makosa ndio haya. Nyanya ziliisha kwa nyumba, nikakata kumi za hizi nikaweka kwa nyama ya ng'ombe vile naweka nyanya, kitunguu kikishakaangika, nikafunika. Mzee wangu akaonja, akanyamaza, akaniuliza kwa upole kama chupa ya siki ilimwagika. Watoto walikula ugali na maziwa wakalala.

Kwa hivyo naomba kujua, nimevuna mbichi? Zina sumu? Na kama ziko sawa mtu anazipika aje zilike?

kondele_jikoni (Kisumu)

Dada tulia, hakuna kitu imeharibika na hakuna mtu atakufa. Hiyo kijani ndio kuiva kwake. Nathi ndio inangojewa mpaka iwe njano, na nathi ya kijani kweli mtoto asile, lakini tomatilo inavunwa ikiwa kijani na ngumu, dalili yake ni karatasi, tunda likijaza karatasi mpaka ikaanza kupasuka basi chuma. Ukikuta karatasi bado ina nafasi ndani, tunda dogo linacheza huko kama punje kwa kayamba, iache kwanza. Ukiingoja mpaka iwe njano inakuwa laini, inapata utamu kidogo na ule uchachu unapungua, na uchachu ndio kitu watu wanaipandia. Ziko aina zingine za zambarau, hizo kwanza zina utamu zaidi, lakini naona zako ni zile za kawaida.

Mimi ni mpishi, hoteli moja nilifanya kazi hapa mjini ilikuwa na usiku wa chakula cha Meksiko kila mwezi, tomatilo tulikuwa tunaletewa za mkebe na siku moja moja tunapata freshi, kwa hivyo nimezichezea sana. Wacha nikwambie kitu kimoja halafu mengine yatafuata. Usiipike kama nyanya, ipike kama unapika na ukwaju. Nyanya unaweka nyingi ndio mchuzi uwe mzito na mtamu. Tomatilo nayo uchachu wake unaingia kila mahali, ukiweka kumi kwa nyama nusu kilo bila kitu ya kuituliza lazima mzee aulize habari ya siki. Inataka vitu vitatu karibu yake, mafuta, chumvi ya kutosha na pilipili. Ukikosa chumvi ndio utaskia ile nyasi imesimama peke yake.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Ambua karatasi yote, halafu maji vuguvugu, sugua mpaka ule ulimbo utoke, maji baridi hayautoi vizuri, na ukiuacha unaleta uchungu kwa chakula. Ganda la tunda lenyewe usimenye, linalika. Karatasi na majani usile.

Halafu kuna njia tatu, na kila njia ladha inabadilika kabisa, ni kama ni mboga tatu tofauti. Mbichi ukisaga inakuwa kali, ya kuamsha mdomo, kama kachumbari iliyowekwa ndimu mbili. Ukichemsha inatulia, inakuwa laini, lakini chemsha kidogo sana, maji yakitokota punguza moto, dakika tano mpaka nane, rangi ikitoka ile kijani ya kung'aa ikawa kijani ya jani la parachichi kuukuu toa hapo hapo. Ikipasuka ndani ya maji imekwisha, ladha yote umemwagia sinki. Ya tatu ndio yangu, kuchoma. Weka pan ya chapati kavu kwa jiko, bila mafuta, panga tomatilo nzima, kitunguu kimekatwa mara nne, pilipili nzima, punje za saumu na ganda lake. Geuza geuza mpaka ziwe na madoa meusi na zianze kulegea, kama dakika kumi hadi kumi na tano. Hapo sukari kidogo iliyo ndani inajitokeza, uchachu unabaki lakini unakuwa na utamu nyuma yake na ka moshi.

Kipimo changu cha sosi: tomatilo nusu kilo, kama 12 hivi za saizi ya kati, nusu ya kitunguu kikubwa, saumu punje mbili, pilipili mbili za kijani, fungu dogo la dania, chumvi kijiko kidogo. Choma kila kitu isipokuwa dania, dania inaingia mbichi wakati wa kusaga. Saga kwa blenda lakini usiifanye uji, iache na vipande. Kama huna blenda kinu kinatosha, na kwa kweli ya kinu ni tamu kuliko.

mutura_ni_mboga (Nakuru)

Si ungepanda tu nyanya

bahati_shambani (Nakuru)

@mutura_ni_mboga nyanya nilipanda mwaka jana mvua ikaja na bulaiti, ule ugonjwa wa nyanya, nikavuna majani meusi. Hizi angalau zimezaa mpaka natafuta watu wa kuwapa.

@kondele_jikoni asante sana ndugu, kumbe hata kungoja nilikuwa nangoja bure. Kesho najaribu hiyo ya kuchemsha kwanza juu gesi iko, makaa nitanunua Ijumaa.

mzungukaji_tn (Kitale)

Nimefurahi kuona hii mada. Nilikaa San Antonio kule Texas, Marekani, miaka sita, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo kwa mkahawa wa Wameksiko, jikoni mimi peke yangu ndio sikuwa naongea Kihispania, na wiki ya kwanza nilitumwa kuleta tomate nikaleta nyanya nyekundu. Walicheka! Kwa watu wanaotoka katikati ya Meksiko ukisema tomate ni hii ya kijani, ile nyekundu wanaiita jitomate. Halafu ukikutana na mtu wa kaskazini mwa nchi hiyo hiyo anakwambia vingine. Na kwa kusoma si "tomatilo" jinsi tunasoma, hizo l mbili kwa Kihispania zinatoka kama y, tomatiyo, maana yake kanyanya kadogo. Lakini hapa tuendelee tu na tomatilo yetu, hakuna mtu wa kutukamata.

Ni chakula cha zamani sana huko, Waazteki walikuwa wanakula kabla Wahispania hawajafika mwaka wa 1519, kwa lugha yao ya Kinahuatl iliitwa miltomatl, hiyo "mil" ni shamba, yaani nyanya ya shambani. Jina la kitaalamu ni Physalis philadelphica. Nathi ni Physalis peruviana, kwa hivyo @bahati_shambani hukukosea sana, ni ndugu wa damu, baba mmoja mama mbalimbali, na yeye alitokea huko huko Amerika lakini upande wa milima ya Andes. Na ukoo wote mkubwa ni ule ule wa nyanya, viazi, biringanya na managu.

Sasa juu ya kupika, vile waliipika pale ni hivi. Ile sosi ya kijani ambayo kondele ameandika iko kwa kila meza, lakini haiishii kwa meza, inapikiwa ndani. Nyama ya nguruwe wanakata vipande vikubwa, wanakaanga mpaka iwe kahawia, halafu wanamwaga sosi hiyo ya kijani wanafunika inaiva polepole masaa mawili. Nguruwe ana mafuta, tomatilo ina uchachu, zinashikana mpaka huwezi kujua nani alianza. Hapo ndio utaelewa kwa nini ng'ombe wako ilikataa, pengine ilikuwa nyama isiyo na mafuta na hukuipa muda. Kuku pia wanampikia hivyo. Halafu ziko zile chapati zao nyembamba za mahindi, zinakunjwa na kuku ndani zinamwagiwa sosi juu, na asubuhi vipande vya chapati vya jana vilivyokaushwa kwa mafuta vinarushwa ndani ya sosi ya moto vinaliwa na yai. Hiyo ya asubuhi nimeijaribu hapa Kitale na chapo ya ngano iliyolala, nimekata vipande nikakausha kwa mafuta, imekubali.

Na ile imenikaa zaidi ni ya mbegu za malenge. Wanakaanga mbegu kavu kwa pan mpaka ziruke ruke, wanasaga unga, wanachanganya na tomatilo iliyosagwa, dania, pilipili, supu ya kuku kidogo, inakuwa mchuzi mzito wa kijani. Sisi hapa tunakula malenge mbegu tunatupa, na simsim na njugu tunazo. Nilijaribu na njugu karanga ya kusaga nikiwa nimekosa mbegu, ikaja tamu sana, ile mafuta ya njugu inakata makali vizuri. Ukiweka njugu usiache ichemke kwa fujo, inashika chini.

omera_wa_dunga (Kisumu)

mzungukaji umeandika kitabu bana 😂 lakini hiyo ya njugu nimeiandika

mimi swali langu ni samaki. sisi hapa omena unaosha na maji moto, unakausha kwa mafuta, halafu nyanya na ndimu ndio ukate harufu. sasa hii kitu iko na nyanya na ndimu kwa mwili mmoja si ndio ilitengenezewa omena??

kondele_jikoni (Kisumu)

@omera_wa_dunga umenena. Nimefanya na ngege (tilapia) na nimefanya na omena. Kwa omena kausha kwanza vizuri mpaka iwe kavu kavu, kitunguu kikaangike mpaka kiwe cha kahawia kabisa, usikimbize hapo juu utamu wa kitunguu ndio utakuja kuisaidia, halafu tomatilo nne tu zimekatwa ndogo ndogo, funika dakika tano zitapasuka zenyewe na kutoa maji, ndio unarudisha omena. Ndimu usiweke tena. Mtu mmoja hapa kwetu aliweka tomatilo akaweka na ndimu, tulikula kwa ujasiri.

Kwa ngege ni tofauti kidogo, mkaange samaki awe mkavu, weka kwa sahani, sosi ya kuchoma unamwaga pembeni sio juu, ngozi isilowe. Mbuta (sangara) ndio anapenda kupikwa ndani ya mchuzi kwa sababu nyama yake ni nene na ana mafuta.

Nikisema jambo moja ambalo watu wengi hawajui, sufuria zetu hizi za aluminiamu hazipatani na kitu chachu. Kupika upesi hakuna shida, lakini usiache mchuzi wa tomatilo ulale ndani ya sufuria mpaka asubuhi, utakuta ladha ya bati na sufuria imebadilika rangi hapo ulifika. Hamishia bakuli ya udongo, ya glasi ama ya plastiki.

mama_wa_shinyalu (Kakamega)

Wanangu hamjambo. Mimi nilipewa hizi na binti yangu anayesoma mambo ya kilimo, mwaka jana, na nimezipika kwa kubahatisha kwa sababu hakuna mtu aliniambia kitu. Nitawaambia nilipoanguka ili ninyi msianguke.

Mara ya kwanza niliweka kwa mrenda. Nyinyi mnajua mrenda kwetu hauivi bila munyu musherekha, ile chumvi ya kuchuja kwa majivu, na mimi nilikuwa nimeshaweka munyu wangu kama kawaida. Nikatupia tomatilo tatu zilizosagwa. Weh! Ikainuka povu mpaka ikafika mdomo wa chungu, nikadhani nimerogwa. Binti akacheka akaniambia ni chumvi ile ya majivu na uchachu zimekutana zikapigana. Na baada ya kupigana hakuna mshindi, mboga haikuwa chachu na munyu haukufanya kazi yake, na ule utelezi wenyewe ulikatika ukawa maji. Sasa mrenda usiovutika ni wa nini? Kwa hivyo mboga zozote unazotia munyu, mrenda, kunde, mitoo, tomatilo ikae mbali. Managu niliyochemsha bila munyu nikakaanga na tomatilo moja ya kuchoma, hiyo ilikuwa nzuri, uchungu wa managu na uchachu vilisalimiana vizuri.

Mara ya pili nilianguka kwa maharagwe. Nilitia pamoja na maharagwe tangu mwanzo nikafikiri yataiva pamoja. Kuni ziliisha, maharagwe yakabaki mawe. Kitu chachu hakiachi maharagwe yalainike. Mpaka yaive kabisa ndipo uunge. Mushenye (maharagwe ya kuponda) na nyoyo (mahindi na maharagwe) ni vivyo hivyo.

Mahali nilifaulu ni kuku wa kienyeji. Yule jogoo mzee ambaye umechoka naye. Nilimchemsha kwanza na chumvi tu mpaka akalegea, nikachukua tomatilo za kuchoma kwa majivu ya moto, si pan, kwa majivu, nikazisaga kwa jiwe na pilipili na saumu, nikakaanga hiyo kwa mafuta mpaka ikaanza kujitenga na mafuta, ndipo nikamwaga supu ya kuku na kuku mwenyewe. Baba watoto hasemi kitu kwa chakula lakini aliomba ugali mara ya pili.

Hiyo ya kukaanga mpaka mafuta yajitenge ndiyo naona watu wanaruka. Ukimwaga mbichi kwa mchuzi inabaki na harufu ya majani.

bahati_shambani (Nakuru)

Mama asante, nimecheka hapo kwa povu mpaka mzee ameuliza naongea na nani. Na nimejiona hapo mwisho, mimi ile nyama niliweka tomatilo na maji kwa wakati mmoja, sikuipa hata dakika ya kukaangika.

Ripoti ya jana. Nilichemsha vile kondele alisema, lakini mtoto akaniita nje, kurudi nakuta zimepasuka zote zinaelea kama maandazi yaliyoharibika. Nikasaga hivyo hivyo, ikawa maji maji na ka uchungu kwa mbali. Hiyo nimewapa kuku na wao wameangalia pembeni.

Leo nikanunua makaa nikafanya ya pan ya chapati. Jamani. Kwanza harufu yenyewe ni tofauti, ile saumu ikiungua ndani ya ganda lake. Tomatilo zilianza kulia, yaani zinatoa sauti nyembamba kabla zilegee, sijui nyinyi zenu zinafanya hivo. Nikasaga kwa kinu, chumvi nikaongeza mara mbili ndio ikakubali, nikaongeza parachichi moja bovu bovu lilikuwa linaozea kwa meza, hiyo hakuna mtu aliniambia, ilikuja tu kwa kichwa. Ikawa laini, kali yake ikashuka. Tukala na mbavu za mbuzi za kuchoma na kachumbari kando. Mzee alisema "sio mbaya", na kwa yeye hiyo ni hotuba. Watoto bado wamekataa isipokuwa mkubwa ambaye alichovya viazi karai, sasa anaita sosi ya kijani "ile ya hotelini".

Swali lingine. Ile nilibakisha bila parachichi niliweka kwa friji kwa chupa ya jemu, jioni nakuta imeganda kama jeli, kijiko kinasimama. Imeharibika?

kondele_jikoni (Kisumu)

Haijaharibika. Tomatilo ina pektini nyingi, ile kitu inafanya jemu ishikane, ndio maana ikipoa inaganda. Weka vijiko viwili vya maji, koroga, ama pasha kidogo kwa moto, itarudi. Na ukiwa na mchuzi mwepesi hiyo tabia inakusaidia, huhitaji unga wa kuufanya mzito. Kwa friji kula ndani ya siku nne tano. Parachichi ni wazo la maana, hata wao huko wanafanya hivyo, lakini ya parachichi iishe siku hiyo hiyo.

Zile zingine hujapika usiambue karatasi, hiyo karatasi ndio friji yake ya kwanza. Weka kwa mfuko wa khaki kwa friji sehemu ya mboga zinakaa wiki mbili tatu, kwa plastiki zitatokwa jasho zioze. Zikizidi sana, ambua, osha, kausha na kitambaa, gandisha nzima nzima kwa friza. Ukizitoa zitakuwa zimelegea, kwa kachumbari hazifai tena lakini kwa kupika ziko sawa kabisa.

mutura_ni_mboga (Nakuru)

Sawa nimekubali. Hiyo sosi na mutura naona inaweza. Mutura inatakanga kitu chachu ya kukata mafuta, tumezoea kachumbari ya nyanya na pilipili tu. Dada wa Bahati niko hapa Section 58, hiyo ndoo usimwagie kuku tena

Na kama mtu amekosa hizi kabisa, nyanya ya kijani haiwezi?

mzungukaji_tn (Kitale)

Inaweza kusukuma siku. Nyanya ambayo haijaiva ina ugumu ule ule lakini uchachu wake ni mdogo na ile harufu ya tufaha haiko, kwa hivyo unaweka na ndimu. Ukila zote mbili kwa meza moja utajua. Nathi nazo ni tamu sana kwa kazi hii, nilijaribu nikapata kitu kama chatine, sio kibaya kwa sambusa lakini ni njia nyingine kabisa.

omera_wa_dunga (Kisumu)

nimefanya omena. nilipata nne tu kutoka kwa msee wa gesti moja anapanda kwa bustani. aki ya nani harufu iliisha kabisa, mchuzi ulikuwa kijani kijani hivi wa ajabu, mamangu aliuliza kama nimeweka majani ya kunde. alikula lakini, akasema imemkumbusha nyatonglo, zile nathi kwa Kijaluo, walikuwa wanakula wakichunga mbuzi. nikamwambia ni ndugu yake, akasema alijua tu

tatizo ni huyo msee wa gesti. ako na mmea moja mkubwa, umejaa maua kila siku, matunda ni hizo nne tu ziliwahi kutoka tangu aanze. anapulizia dawa, anaweka mbolea, hakuna. @bahati wewe yako inazaa mpaka unapea kuku, unaweka nini?

bahati_shambani (Nakuru)

Mimi siweki kitu zaidi ya samadi wakati wa kupanda. Na nilikuwa na miche minane sijui kama hiyo inaleta tofauti. Mmoja ulikatwa na kuku ikabaki saba.

mzungukaji_tn (Kitale)

Hapo hapo ndio jibu. Tomatilo haijizalishi yenyewe kama nyanya. Poleni, yaani ule unga wa maua, ya mmea mmoja haikubaliwi na maua ya mmea huo huo, lazima itoke kwa mwingine, na anayebeba ni nyuki. Mmea mmoja peke yake unaweza kupendeza na maua mwaka mzima usizae, ukibahatika unapata hizo nne. Apande wa pili karibu, kama hatua mbili tatu hivi, na uwe umetoka kwa mbegu, vikonyo alivyokata kwa huo huo mmea havisaidii kwa sababu bado ni yule yule. Na hiyo dawa anayopulizia kama anapulizia asubuhi maua yakiwa wazi anaua hao hao nyuki anaowahitaji.

omera_wa_dunga (Kisumu)

😂😂 kumbe jamaa alikuwa anawekea mbolea upweke

@bahati_shambani naomba mbegu basi

bahati_shambani (Nakuru)

Mbegu mtapata. Nimeacha mimea miwili nisivune ili zigeuke njano kabisa, halafu nasikia unasaga na maji, mbegu zinashuka chini nyama inaelea unamwaga.

mama_wa_shinyalu (Kakamega)

Ndivyo, binti alinionyesha hivyo. Suuza mara tatu, anika kwa sahani kivulini, si kwa karatasi ya gazeti zitanata usizitoe tena. Na usiogope zikianguka shambani, mimi zile zilioza chini zimeota zenyewe mwaka huu katikati ya mahindi, sikupanda hata moja.

mutura_ni_mboga (Nakuru)

Mimi nataka za kula leo

bahati_shambani (Nakuru)

Wewe kuja Jumamosi na mutura yako, makaa yapo na pan ya chapo iko tayari. Wa Kisumu nitawawekea miche kwa matatu ikifika saizi ya kidole, na kila mtu atapata miwili miwili kama wanyama wa Nuhu, msiniambie tena maua yamejaa hakuna tunda.